Kibibi Haitiki

3 Machi

Mwanangu mpenzi,

U hali gani huko kazini? Sisi wazima, ila goti langu linanisumbua kidogo. Mwanao Kibibi anakula vizuri, anakimbia kutwa.

Jana alipita mhudumu wa afya wa mtaa, anaangalia makuzi ya watoto wadogo. Alimpa vipande vya mbao, Kibibi akavipanga mnara. Kisha mhudumu akasimama nyuma yake, akamwita. Hakugeuka. Nikamwambia, "Hata mama yake alichelewa kusema." Akaniuliza, "Lakini alikuwa akiitwa anaitika?" Anataka tumpeleke hospitali akapimwe masikio. Wasemaje?

Mama yako

21 Machi

Shikamoo mama,

Pole na goti. Mimi mzima.

Kibibi hana ugonjwa. Ana miaka miwili tu. Mkimpeleka huko atabandikwa jina, na majirani hawatalisahau. Subirini nirudi.

Binti yako

9 Mei

Mwanangu,

Salamu nyingi. Najua umenuna, maana simu zangu hupokei.

Nilisubiri kama ulivyosema. Juzijuzi pikipiki ilipiga honi nyuma ya Kibibi, hata hakushtuka. Nilimvuta kwa mkono, roho mkononi. Kesho yake nikampeleka.

Wamempima: anasikia kidogo sana. Akili anazo, za kutuuza sote sokoni. Wamemvisha vifaa vidogo vya kusikia. Vilipowashwa alitulia, akanishika mdomo nikiwa nasema naye.

Mama yako

2 Juni

Shikamoo mama,

Barua yako niliisomea jikoni kwa mwajiri, vyombo vikanishinda. Zile hasira zilikuwa woga. Sasa nielekeze: nikipiga simu, niseme naye vipi? Na hivyo vifaa, havimuumizi?

Binti yako

18 Agosti

Mwanangu,

Hatujambo. Havimuumizi, ila kila asubuhi anavivua, namvisha, anavivua. Tunaelewana hivyo hivyo. Piga simu ya video, akuone mdomo, na useme taratibu. Mhudumu huja kutufundisha: tumtazame usoni, tutaje kila tunachoshika. Siku hizi mtaa mzima unamsemesha. Muuza maziwa ndiye amezidi.

Jumamosi kasema neno lake la kwanza. Usinune, si "mama", wala si "bibi". Kuku aliingia sebuleni, Kibibi akamnyooshea kidole: "Toka." Wazi kabisa. Kuku akatoka.

Tangu hapo kila mtu anaambiwa toka, hata mhudumu, naye anacheka mpaka machozi. Ukija likizo ukafukuzwa mlangoni, wewe ingia tu.

Mama yako