Nimemlilia Mume Wangu Angali Hai

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, maana haya ninayokuandikia sijamwambia hata dada yangu wa tumbo moja. Mume wangu ni fundi wa kushona makochi, mtu wa utani, na miaka sita iliyopita moyo wake ulichoka kabisa, miguu ikavimba, akawa hawezi kupanda ngazi bila kukaa njiani, madaktari wakamfungua kifua wakamwekea pampu ya kuusaidia moyo kusukuma damu, waya wake unatokea tumboni na kuingia kwenye mkoba wa betri anaouvaa begani. Kabla ya upasuaji waliniambia nijiandae kwa lolote, basi mimi nikajiandaa, nikamuaga moyoni, nikamaliza machozi yangu yote kwenye korido ya hospitali, na nguo zake za kazi nikawagawia ndugu zake. Mshauri, hakufa. Alirudi nyumbani, akaulizia nguo zake, ikabidi ashone kochi la kwanza akiwa amevaa shati la harusi yetu, huku anacheka.

Tangu hapo namhudumia bila kukosea, namsafisha pale waya unapotokea, namkumbusha dawa za kuzuia damu kuganda, nachaji betri, lakini nalala chumbani kwa binti yetu kwa kisingizio cha kuogopa kuuvuta ule waya, na akianza kuzungumzia mambo ya mwakani naondoka naenda jikoni. Mwezi uliopita alifariki mwalimu mstaafu aliyewekewa pampu kabla yake, ambaye yeye na mume wangu walizoea kutaniana kliniki. Tuliporudi kutoka mazikoni mume wangu aliniambia, "Mama watoto, mimi nipo. Wewe ndiye uliyeondoka." Nampenda, ila naogopa kumzika mara mbili. Nifanyeje?

Mke wa Fundi

Mke wa Fundi, pole, na si pole ya mdomoni. Miaka yote hiyo unasikilizia mashine isizime, na sidhani kama kuna aliyekuuliza wewe unaendeleaje. Lakini sikufichi: mumeo amepata muuguzi hodari, mke hamwoni. Ulijiandaa kwa kifo, uhai ulipokuja hukujua uuweke wapi. Hilo silaumu. Ninacholaumu ni kumwacha mwenzio na hofu hiyohiyo peke yake. Au unadhani yeye haogopi? Juzi tu amemzika rafiki.

Kliniki ijayo nendeni wote wawili, muuguzi akuonyeshe namna ya kuushikiza waya usivutike mkiwa kitandani; wenye pampu wanalala na wake zao, dada yangu. Mwulizeni daktari, mumeo akisikia, mbele kuna nini. Wapo wanaoishi nayo miaka mingi, wapo wanaopata kiharusi au maambukizi mapema, na ni afadhali mlijue hilo pamoja. Muulize mumeo mwenyewe anataka nini hali ikibadilika. Binti yenu kama ameshakua, afundishwe kubadilisha betri, nawe upumzike.

Hutamzika mara mbili. Utamzika mara moja, au yeye ndiye atakayekuzika wewe, hakuna anayejua. Siku hiyo utalia tena, sikudanganyi. Lakini leo yuko karakana, ana misumari midomoni na kitambaa magotini. Mpelekee chai, vuta kigoda, ukae naye hapo mpaka kazi iishe.