Kunguni na Gabi la Bibi

Mahlet, injera imo kapuni, mchuzi wa shiro uupashe moto. Halafu chemsha mashuka ~~ya bibi~~ yetu, mimi na baba yako. Kitanda chetu usikikalie.

Kichwa changu hakiko sawa, mwanangu. Asubuhi nilimwambia bibi kwamba kunguni wanaoniuma wamekuja na gabi lake zito la pamba kutoka Gondar. Nawashwa tangu afike, na baba yako hana hata kipele. Wangekuwa kitandani kwetu, si wangemuuma naye? Bibi alikunywa kikombe kimoja cha kahawa, akajitanda gabi lake, akaondoka bila kungoja cha tatu, kile cha baraka.

Nikapekua godoro lake: safi! La kwetu, mishono imejaa vidoa vyeusi kama wino. Na nyuma ya picha ya Mariamu, tunayoibusu kila siku na hatujawahi kuiteremsha, ukoo mzima! Jirani anasema wanauma kila mtu, ila ngozi nyingine haivimbi. Sasa wametoka wapi? Sijui. Wameanza lini? Sijui.

Nakimbilia stendi kabla basi la Gondar halijaondoka. Birika la kahawa usilimwage. Bibi bado ana vikombe viwili.

Mama