Asubuhi Wamama wa Shirika Walipoinua Gari Letu

Maman mpendwa,

Mbele yako mdomo wangu huwa mzito, unanijua. Kwa kalamu labda nitaweza kukuambia nilichokiona siku uliyotengeneza usukani.

Vita vilikuwa vimefika upande wa Miti, na Koko, mama yako, alikuwa kule peke yake na miguu isiyotembea. Papa yuko Shabunda, barabara imekatika. Gari lilikuwa limelala nyuma ya nyumba hapa Cimpunda, usukani umelegea hata ukiuzungusha robo nzima matairi hayana habari. Mafundi wote walikuwa wamekimbia.

Uliniketisha penye usukani, ukatandika gunia, ukaingia chini na nguo zako za ofisi.

"Tikisa polepole. Kushoto, kuume. Haiko kusaga unga!"

Nikatikisa. Ukaona kiungo kinachogeuza gurudumu la kushoto kikicheza kama jino bovu.

"Rotule imekufa," ulisema. "Nilikuwaka hapo penye uko, papa yako chini. Niliangalia."

Kriki yetu ya kuinulia gari askari walikuwa wameichukua. Ukawaita wamama wa shirika, wale tunaosali nao kila juma. Nilidhani wanakuja kusali. Kumbe walikuja na kamba zao za kubebea mizigo! Walizifunga chini ya bampa, wakageuka, wakaziweka kwenye vipaji vya nyuso, wakainama kama wenye magunia ya mkaa. Gari likapanda, nami bado nimo ndani.

"Toka, we mutoto! Vitabu yako ya kichwani iko mizito!"

"Maman Sifa, gari hii inashinda bwana yangu uzito!"

"Kama naye anayumba, mulete kisha hii," ulijibu, ukisukuma mawe chini ya gari yalishikilie.

Rotule uliyotoa kwenye gari bovu la jirani iliingia. Ukakaza nati, ukapinda msumari mwembamba kuizuia isifunguke. Nikarudi kwenye usukani. Niligusa kidogo tu, matairi yakageuka papo hapo. Miujiza nimeisoma mingi. Huo niliushika kwa mikono.

"Imekaza, Maman," nilisema. Ukanawa, ukaenda kumchukua Koko.

Hukurudi. Wiki zikapita, na kila nilipofumba macho niliona gari likiacha barabara, kwa sababu mimi ndiye niliyesema imekaza.

Jana mama mmoja muuza maharagwe alifika sokoni kutoka Miti kwa miguu. Nikamuuliza, mimi mwenyewe, mbele ya watu, kama ameona gari la buluu.

"Ya ule mama wa makelele? Iko kule! Inabebaka wenye kuzaa na wenye kupigwa masasi ya bunduki mpaka hospitali. Koko anakaaka mbele, anafukuza watu na mbuzi njiani!"

Nikamwomba palepale akubebee barua.

Maman, nilikuwa naomba kila siku urudi upesi. Tangu jana naomba kwanza usukani ushike, nawe ufike na wote unaowabeba. Mama huyo wa maharagwe anarudi Miti kesho na barua hii. Kaza nati kila asubuhi kabla hujawasha. Sisi hapa tutangoja.

Binti yako,
Sifa