Jani la Mti wa Nyuma ya Jikoni

Kadutu, Bukavu
Tarehe 8 Februari 2026

Tantine Agnès mpendwa,

Pokea salamu zangu toka huku kwenye mvua na tope. Goti lako linaendeleaje? Na tonton Évariste, bado anabishana na daktari wake juu ya chumvi? Sisi ni wazima, kwa maana ya kwamba tunaamka. Kwa ajili ya vita banki zimefungwa, ndege hakuna, na barua hii anakuletea Mama Eulalie, anayezunguka njia ndefu mpaka kwenu Lubumbashi. Sikutaka kuyasema haya kwa simu. Ungelia, nami ningelia, na mambo yangebaki palepale.

Habari ya kwanza ni njema, basi niimalize upesi. Nimetetea mémoire yangu, ile kazi ya kumaliza chuo. Profesa alinipa mkono mbele ya watu wote, na rafiki yangu Gisèle alipiga vigelegele mpaka akaambiwa anyamaze. Nilivaa kikwembe cha dada yako, marehemu maman.

Ya pili ni nyuki wa Papa kule Nyantende. Ulipokuja mara ya mwisho uliikuta mizinga kumi na miwili. Sasa yenye nyuki ni mitatu tu, nayo imechoka. Tangu matanga ya maman, karibu kila mwezi kundi moja linahama. Nyuki huziba nyufa za mzinga kwa gundi wanayoiokota kwenye miti, ile ambayo profesa anaiita propolis. Sasa gundi hakuna, na siafu wanaingia kama kwao. Papa amebaki na nyuki hao tu wa kuongea nao, unamjua. Ndiyo sababu nilichagua kazi hiyo: nitafute ni mti gani uliokuwa unawapa gundi, ili aupande.

Kila mtu aliapa kuwa ni mikaratusi, na mimi niliapa pamoja nao, maana nyuki wanajaa kwenye maua yake. Nilichukua gundi ya zamani, ile aliyotuwekea maman kwa ajili ya kikohozi, nikaiyeyusha katika alkoli. Chini zinabaki takataka za mti wenyewe: vipande vya ngozi ya jani na vinyweleo. Ukivitazama kwa mikroskopu, kila kinyweleo kina ncha nyingi, kama nyota. Basi miezi sita nilikuwa mtu wa kukwangua majani kwa wembe. Mkaratusi una jani laini, hauna unywele hata mmoja. Grevilea, vinyweleo vimelala kama nyasi zilizokanyagwa. Avoka, ule mparachichi, si wenyewe. Nilikwangua hata majani ya uzio wa jirani, akanitazama kama mchawi. Niliijaribu miti yote iliyosimama.

Mwezi wa kumi na moja nilishusha kikapu ambamo maman alikuwa anavundika ndizi. Chini lilibaki jani moja kavu, jeupe upande wa chini. Nililipeleka laboratware bila tumaini lolote. Tantine, nyota zilijaa kioo kizima.

Unalijua jani hilo. Ni ule mti wa nyuma ya jikoni, ambao maman alikuja nao ukiwa mche, toka kwa wazazi wenu, alipoolewa. Wewe hukuwepo kwenye matanga, barabara zilikuwa zimefungwa. Watu walilala kwetu juma zima, mvua haikatiki, na kuni ziliisha siku ya pili. Kwetu huwezi kuwaacha waliokuja kulia nawe bila moto. Papa alisita. Mimi ndiye niliyesema ukatwe, tena kwa ukali. Alichukua shoka mwenyewe, hakutaka mtu mwingine auguse. Tukapikia maharagi.

Mti kama huo sijauona tena mlima mzima, hata kwa wazazi wenu, makala ya kupikia yamekula kila kitu. Hata nikipata mche, Papa ana miaka sabini na nane, na mizinga mitatu haitaungoja ukue. Tena nikimtajia mti wenyewe, atajua ni shoka lake. Mémoire yangu iko chini ya godoro, mimi niliyepewa mkono.

Jana nilipanda kwake. Akaniuliza, kama kila Jumamosi:

“Mutoto wangu, ule muti umeisha upata?”

“Bado, Papa. Niko natafuta.”

“Hakuna shida, tafuta polepole. Miye nimeisha chimba shimo.”

Akanishika mkono kwenda kunionyesha. Amelichimba nyuma ya jikoni, palepale. Kisiki amekitoa chote, na mizizi ameianika ukutani iwe kuni. Nilimwambia shimo ni zuri.

Sijui nifanye nini, na sidhani kama kuna cha kufanya. Sikuombi shauri. Nilitaka tu mtu mmoja ajue.

Nisalimie tonton Évariste, Ariane, na mapacha wa Sophie. Mungu awape usingizi mzuri, wetu tutauomba baadaye. Lile jani nimelifunga kwa karatasi humu ndani ya bahasha. Likae kwako, Tantine. Lisirudi huku.

Mtoto wako akupendaye siku zote,
Nsimire