Suti ya Kijivu ya Baba

Gitothua, Ruiru
Jumanne, 18 Novemba 2025

Kwako Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Nakusalimu sana katika jina la Yesu. U mzima? Goti limepoa, au bado unalilazimisha kwenda shambani kabla umande haujakauka? Mvua je, imewafikia? Huku imenyesha hadi nguo zimekataa kukauka, lakini mimi ni mzima kabisa. Nakula vizuri, na ukiniona utasema nimenenepa, maana wewe huna salamu nyingine.

Kazi ni nyingi, namshukuru Mungu. Wiki jana nilikuwa Nairobi siku nne mfululizo nikipiga picha kwenye kongamano la madaktari wa meno. Usicheke, hakuna watu wagumu kuonyesha meno kama wale. Jumamosi nikafuatana na mtu na mkewe kwenye mbuga ya wanyama, walitaka picha wakiwa na twiga nyuma yao. Twiga alitugeuzia mgongo saa nzima. Nilicheka peke yangu nikiwaza vile ungemsema.

Barua hii ataileta binamu yetu Wayua, yule wa Kiganjo, akija huko Ijumaa. Sikutaka kupiga simu. Kwa simu wewe huniuliza kama nimekula, nami nasema nimekula, na lile nililotaka kusema linabaki tumboni.

Mwaitu, kaka Mutinda alipita hapa kwangu Jumapili. Akaniambia umemzuia fundi asiweke jiwe kwenye kaburi la Baba. Nilipomuuliza sababu alianza kucheka, halafu akaacha. Alisema tangu mazishi umekuwa ukitafuta ile suti ya kijivu, ile aliyovaa Baba kwenye picha ya kijitabu cha mazishi, ambayo uliitia kwenye fremu ukaitundika ukutani. Umefungua masanduku yote, umeangalia hadi darini. Kisha ukamuuliza kaka yangu, kwa sauti ya chini, kama anaijua nyumba ya mtaa wa Githurai 45 ambako baba yake alikuwa akiacha nguo zake nzuri. Ukamkumbusha na zile Jumamosi Baba alizokuwa akiaga kwamba anaenda Ruiru kutafuta chakula cha kuku, akarudi jioni bila hata gunia.

Mutinda aliona ni mzaha. Mimi sikuona. Alipoondoka nilikaa kitandani nikalia, kwa sababu hiyo nyumba ya Githurai, Mwaitu, ni mimi niliyeijenga kwa uongo wangu.

Hakuna suti. Haijawahi kuwepo. Baba alipotuacha, kamati ya mazishi ilitaka picha kabla ya jioni ili kijitabu kichapishwe, na wakasema iwe ya heshima, amevaa suti. Unajua Baba hakuwa nayo; ile ya harusi yenu ililiwa na panya kabla sijazaliwa. Nilichofanya ndicho sisi wapiga picha tunachofanyia familia za watu kila wiki. Nilikata uso wake kwa kompyuta, nikauweka juu ya mwili wa mtu mwingine, mgeni mmoja wa kongamano niliyempiga picha hotelini Nairobi. Suti ni yake, tai ni yake, mabega ni yake. Sijui hata jina lake. Wewe uliponiuliza picha ilipigwa lini, nilijibu, siku moja Nairobi, nikajiambia si uongo wote. Watu wakasifu vile mumeo Makau alipendeza, nami nikashindwa kurudi nyuma.

Uso ni wa Baba, na kweli ulipigwa Nairobi. Zile Jumamosi alikuwa na mimi. Msaidizi wangu aliacha kazi mwaka juzi, nikamlalamikia Baba, na Jumamosi iliyofuata akabisha mlango wangu asubuhi na mapema akisema nimwonyeshe cha kubeba. Alikuwa akinishikia ile sahani kubwa ya kitambaa cha kung'aa inayorudisha jua usoni mwa bibi harusi. Mkono haukutikisika. Maharusi walimpenda kuliko walivyonipenda mimi. Aliniomba nisikuambie mpaka ajue kupiga picha mwenyewe, kwa sababu alitaka kukushangaza.

Sasa lile linaloniumiza zaidi. Picha niliyoikata ilikuwa nzuri. Amesimama kwenye bustani moja huko Nairobi, anacheka, jua limemjaa usoni, na amevaa sweta ya kijani uliyomfumia wewe, yenye kiwiko ulichokiziba kwa uzi mweusi. Niliona aibu. Nilijua wenzangu wa kazini watakuja mazishini, nikaogopa waone ile sweta. Nilimvua baba yangu kazi ya mikono yako, nikamvika nguo ya mgeni, halafu nikakuacha miezi hii yote ukimdhania mabaya mtu ambaye hakukukosea. Nisamehe, Mwaitu. Mimi ndiye wa kukasirikiwa, si yeye.

Picha hiyo nimeiweka kwenye bahasha hii, nzima, na sweta yake. Mutinda nimemweleza yote kwa simu, na fundi atasubiri neno lako.

Utaona kuna nyingine ndogo. Usiitupe ukidhani imeingia kwa bahati mbaya. Nilimwachia Baba kamera yangu ya zamani mwezi mmoja kabla hajaugua, na hii ndiyo picha pekee aliyopiga nayo. Ni wewe, uko nje ya jikoni unapepeta mbaazi, umeinamisha kichwa, hujui kama unatazamwa. Imepinda, haiko wazi, na nusu ya kitambaa chako cha kichwa imekatwa. Aliponionyesha nilimwambia imeharibika, tuifute. Akakataa kabisa, akasema yeye anakuona vizuri.

Pale kwenye kona, chini, kuna kitu cheusi kimeziba picha. Ni kidole chake.

Wasalimie wenzako wa kanisani, na Mutinda akipita mwambie nimefika salama kwenye ukweli. Jumamosi hii nimekataa kazi, nitakuja nyumbani. Kama utakuwa umekasirika, kasirika, lakini nibakishie chai.

Ni mimi mtoto wako akupendaye,
Katunge