Makumbi Yenye Uhai

Chamazi, Jumapili

Mama yangu, shikamoo. Goti linaendeleaje? Shangazi ameniambia umeshaanza tena kwenda shamba. Pole na kazi. Mie mzima kabisa, tena leo furaha imenizidi.

Wiki iliyopita sikutaka ujue, ila nusura nifukuzwe kazi. Bomba la kuingiza maji kwenye bwawa la samaki liliziba, perege wakawa wanahema juujuu. Bosi, Bwana Kassimu, akavuta humo manyuzi ya kahawia, akanitazama.

"Somoe, haya si makumbi ya nazi zako unazofua hapa bwawani?"

Nikaapa si yangu. Wapi! Akasema, "Jumamosi ufungashe."

Nikatia kipande kwenye kopo la maji, mbio hadi shule ya jirani kwa Mwalimu Neema, mteja wetu wa samaki, anafundisha baiolojia. Akakitazama kwa hadubini, akapiga kelele: "Njoo uone!"

Mama, ni wanyama! Mamia, kila mmoja na kijumba chake, wameungana kama matawi. Kila mmoja ana taji la vinyweleo vinavyopepea kuvutia chakula mdomoni. Utumbo unashuka, unapinda, unapanda tena, na uchafu unatokea nje ya taji, jirani kabisa na mdomo. Nilicheka mie! Mwalimu akasema wanaitwa briozoa. Si mimea, si sponji, wala si matumbawe. Ndugu zao wengi wako baharini, na mataji yao ni duara. Hawa wa maji baridi taji lao limepinda kama mwezi mwandamo, ndiyo maana wamewekwa kundi lao peke yao. Tena wana vidonge vidogo kuliko ufuta, vyenye pete ya hewa ya kuelea. Maji yakikauka vinasubiri tu, yakirudi vinaanzisha ukoo mpya.

Nikamleta bosi shuleni. Akainamia hadubini. Nikagonga kioo kwa ukucha. Mataji yote yakajificha kwa mpigo. Bosi akaruka nyuma.

"Hee! Yako hai!" Kisha akanigeukia. "Nimekuonea, binti yangu. Unisamehe."

Bomba tumelisugua pamoja, na mie nipo kazini.

Msalimie shangazi, na mjomba mchonga vinyago. Mdogo wangu Zaituni, unayemsomea mama, usiruke hapo kwenye utumbo kwa kuona haya.

Mama, kipande kimewekwa kwenye chupa, ndani ya kabati la maabara ya shule. Kibandiko kinasema: "Briozoa wa maji baridi. Amekusanya Somoe Hamisi." Mie niliyeishia kidato cha pili! Na jina la marehemu baba, wanafunzi wanalisoma kila siku.

Mwanao akupendaye,
Somoe