Msitu wa Kukodi

Jumatatu, 3 Machi

Wanunuzi wa ng'ambo wameleta ujumbe. Kuanzia msimu huu hawachukui ubao hata mmoja mpaka waone kwa macho kwamba tulipokata miti, tumepanda mingine. Bosi alitaka niusome kwa sauti mbele ya ofisi nzima. Sauti ikanitoka kama ya mbuzi.

"Wao walimaliza misitu yao zamani wakajenga reli," akafoka, "leo wananifundisha mimi kupanda!"

Ana haki, nadhani. Ila na sisi kule juu tumeacha visiki vitupu. Mkaguzi wao anakuja Ijumaa. Nikauliza, kwa upole kabisa, tutamwonyesha nini — nikajuta papo hapo! Bosi alinitazama kama mtu aliyeokota kitu barabarani.

"Umeuliza vizuri, binti. Basi wewe ndiye utakayemtembeza."

Mimi! Niliye bado kwenye majaribio!

Jumatano, 5 Machi

Ufumbuzi umepatikana: tumekodi msitu. Sitanii. Mama Miche, mwenye kitalu cha jirani, ametukodisha misonobari yake midogo. Imefukiwa leo kwenye mteremko mbele ya kiwanda, na viriba vyake vyote — ile mifuko myeusi ya plastiki — ili mkaguzi akishaondoka ing'olewe na kurudishwa, kama viti vya harusi.

"Mwanangu," Mama Miche akaniambia, "ukiniulia hata mmoja, nakuja kukupanda wewe."

Nyumbani nilimsimulia dada. Shemeji, ambaye ndiye anayeendesha msumeno mkubwa pale kiwandani, alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Sasa shemeji, mkaguzi akiuvuta mmoja?"

"Usiseme hivyo!"

"Utatoka na kiriba chake, kama mtoto na nepi."

Dada hakucheka. Akauliza, wakizikataa mbao itakuwaje? Shemeji akajibu kwamba msumeno utazimwa, na yeye atabaki kukata kucha. Chai ikapoa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimevaa viatu vya heshima bure. Mkaguzi hakuja! Mvua imesomba daraja huko chini, atafika Alhamisi. Huku kwetu hakuna hata wingu.

Bosi akaamuru miche ibaki ardhini. Mama Miche akawaka, akapoa, akatoa sharti: binti aimwagilie mwenyewe, asubuhi na jioni. Binti ni mimi. Nilisomea uhasibu.

Jumatatu, 10 Machi

Miche haina raha. Majani yameanza kugeuka manjano. Nilifukua mmoja nione: mizizi inajizungusha ndani ya plastiki, inatafuta pa kutokea, haipaoni. Nikaufukia tena. Nikauomba radhi — nilisikia sauti yangu kabisa! Shemeji alikuwa akipita.

"Umeujibu nini?" akauliza.

"Haujaniuliza kitu."

"Basi bado una akili. Ukianza kukuuliza, niite."

Jumanne, 11 Machi

Nimefanya jambo. Nilichukua wembe wa ofisini nikapasua kiriba kimoja tu, cha ule mche wa pembeni uliokuwa hoi. Nikauvua, nikaurudisha udongoni, nikaukanyagia taratibu. Halafu wa pili yake nao ukaonekana hoi. Na wa tatu.

Jioni sikubakiza hata kimoja. Wote kiwandani walidhani namwagilia. Viriba nimevisukumiza kwenye kabati la faili, chini kabisa, penye kibao cha "Mengineyo". Mlango haufungi vizuri.

Nilijiambia ni kwa ajili ya mkaguzi, asije akauvuta mmoja. Uongo. Sikumfikiria hata kidogo. Sasa ndiyo namfikiria. Na Mama Miche je?

Jumatano, 12 Machi

Nimemwagilia mara tatu leo.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika nimesimama. Nimesema naleta maji ya kunywa.

Mkaguzi ni mama mfupi mwenye mabuti yenye tope. Alitupita mimi na Bosi, akapiga magoti mteremkoni, akachimba kwa vidole kando ya mche. Bosi nyuma yake alifumba macho. Akachimba zaidi. Udongo tu! Bosi akafumbua jicho moja.

"Umepandwa vizuri huu," mkaguzi akasema. "Lini?"

"Mwaka jana!" Bosi akawahi.

Mkaguzi akasugua udongo kati ya vidole, akanigeukia. "Eti, binti?"

Ndipo ikasikika honi. Mama Miche! Amekuja na gari la kubeba miche yake. Aliambiwa leo, hakuambiwa saa. Nikasema: maji. Nikakimbia.

Kutoka dirishani nawaona wote watatu. Mama Miche ameushika msonobari mmoja shingoni, anavuta, anashangaa. Bosi ananipungia mkono — njoo, usije, sielewi. Shemeji amezima msumeno ili asikie vizuri. Sijawahi kusikia kiwanda kikiwa kimya hivi saa za kazi. Kimya hiki ndicho anachokiogopa dada.

"Binti!" Ni mkaguzi. "Nangoja jibu, siyo maji!"

Nimejaza bilauri hata hivyo. Miche ni ya Jumanne, nitamwambia. Niliipanda mimi, Jumanne, na hairudi tena kwenye viriba.